Uzoefu wangu na kitabu cha sauti cha Michael Caine

Nilitaka kumsikia, si kumsoma. Blowing the Bloody Doors Off, kitabu cha mwigizaji Mwingereza Michael Caine kuhusu maisha na kazi yake, kilitoka mwaka 2018 akiwa na miaka 85, na toleo la sauti kalisoma mzee mwenyewe. Nimelisikiliza mara mbili, mara nyingi nikiwa kwenye foleni asubuhi.

Lililonishika ni lafudhi. Caine alizaliwa London mwaka 1933, jina lake la kuzaliwa Maurice Micklewhite. Baba alikuwa hamali katika soko la samaki la Billingsgate, mama akifanya usafi kwenye nyumba za watu. Kiingereza cha watu wa kwao, kikokni, yaani cha wafanyakazi wa kawaida wa London, enzi za ujana wake kilimpa mwigizaji nafasi za watumishi na askari wa chini tu. Mzee kapata Oscar mbili, kapewa hadi cheo cha Sir, na bado anaongea vilevile.

Mimi nimekulia bara, na r na l zinanichanganya hadi leo. Miaka ya nyuma nilijaribiwa kwa mchezo wa redio. Niliambiwa nina hisia nzuri, ila nikifungua mdomo watu watacheka mahali pa kulia. Niliumia, nikaacha kujaribu nafasi yoyote ya kusema sana.

Sasa msikilize anavyoipata Zulu, filamu ya 1964. Alikwenda kuomba nafasi ya askari wa kawaida, akakuta imeshapewa mtu. Mwongozaji Cy Endfield akamwangalia umbo na nywele zake za rangi ya dhahabu, akamjaribu kama luteni, mtoto wa ukoo mkubwa. Jaribio lilikuwa baya, lakini nafasi akapewa. Endfield alikuwa Mmarekani, na Caine anaamini hakuna mwongozaji Mwingereza wa wakati ule ambaye angempa mkokni uofisa. Hapo nilizima simu nikakaa kimya kituo kizima.

Kingine ninachokitumia kila wiki ni kisa cha kiti. Yuko kwenye mazoezi ya tamthilia, bado kijana, anatakiwa aingie jukwaani, kiti kimeziba mlango. Anasimama, anasema hawezi kupita. Anajibiwa: itumie hiyo shida. Kama ni vichekesho, jikwae. Kama ni mchezo mzito, kivunje. Mwezi uliopita kilemba cha mwigizaji mwenzangu kilifunguka jukwaani, katikati ya ugomvi wa mawifi. Nilikiokota, nikamfunga taratibu huku nikiendelea kumsema. Ukumbi ulitulia kuliko siku zote.

Kasoro zipo. Ukishasoma vitabu vyake vya nyuma utakutana na visa unavyovijua. Filamu zake dhaifu anazipitia haraka mno, nami ningependa akae hapo, maana huyu ndiye aliyekosa kwenda kupokea Oscar yake ya kwanza mwaka 1987 kwa sababu alikuwa Bahamas akipiga mojawapo ya hizo, Jaws: The Revenge. Na ushauri wa kazi umechanganyika na majina ya marafiki zake mashuhuri hadi wakati mwingine unaupoteza.

Ukinunua, chukua la sauti, uliache la karatasi. Kama Kiingereza cha mtaani kinakukimbia, punguza kasi kidogo kwa saa ya kwanza. Sikio likishamzoea, irudishe.