Kitanda Kinachokua na Mtoto: Tathmini Baada ya Miaka Minne

Kabla mtoto wetu hajazaliwa tuliamua kutouliza jinsia yake, na uamuzi huo ulitulazimu kuandaa chumba ambacho kingemfaa yeyote atakayekuja. Tulinunua seti ya vipande vitatu kutoka kwa mtengenezaji mmoja: kitanda chenye fito kinachogeuzwa kuwa kitanda cha mtoto anayetembea na hatimaye kochi dogo, kabati la droo tatu lenye ubao wa kubadilishia nepi juu yake, na rafu fupi ya vitabu. Miaka minne imepita tangu nivifunge, na nadhani nimeishi navyo vya kutosha kuvitolea hukumu.

Kitanda ni cha mbao ngumu, na kwa usalama sina lawama kubwa. Nilipima kwa rula nafasi kati ya fito na fito, nikapata sentimita 5.5, chini ya kikomo cha takribani sentimita 6 kinachotumika Marekani ili mwili wa mtoto usipenye. Godoro ni gumu na limejaa barabara, kiasi kwamba vidole viwili havipiti kati yake na ubavu wa kitanda. Chaga hupangwa katika viwango vitatu. Kile cha juu kiliuokoa mgongo wangu miezi ya mwanzo, nasi tuliziteremsha mara tu mtoto alipoanza kujiinua kwa mikono. Kilichonishangaza ni picha kwenye boksi, iliyoonyesha kitanda kimejaa mito na pedi za kuzungushia fito, ilhali mtoto mchanga anatakiwa kulazwa chali juu ya godoro tupu lenye shuka iliyobana, na pedi hizo zilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2022.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza meno yalipoanza kuota. Mtoto alisimama, akashika ukingo wa juu na kuutafuna kila asubuhi, mpaka rangi nyeupe ikaanza kubanduka vipande vidogo kama magamba. Mtengenezaji anasema ni rangi ya maji isiyo na madini ya risasi, na sina sababu ya kumpinga, lakini hakuna mzazi anayependa kuviona vipande hivyo kwenye ulimi wa mwanawe. Nilipiga msasa ukingo mzima nikauacha mbao tupu. Kitanda cha aina hii kingepaswa kuja na mfuniko wa ukingo.

Kasoro ya pili ndiyo iliyoniudhi hasa. Ubavu mfupi unaohitajika ili kukigeuza kuwa kitanda cha mtoto anayetembea huuzwa peke yake, nasi tuliona hakuna haraka ya kuununua. Alipotimiza miaka miwili na nusu na kuanza kurusha mguu juu ya fito, tuliagiza ubavu huo, ukaja na matundu yasiyolingana na ya kitanda chetu, kwa tofauti ndogo tu lakini ya kutosha kuzuia boliti kuingia. Toleo lilikuwa limebadilika. Jibu la huduma kwa wateja lilikuwa kwamba tununue kitanda kipya, yaani kitu kilekile ambacho seti hii iliahidi kutuepusha nacho. Fundi seremala alitutengenezea ubavu mwingine kwa siku moja, na ukweli ni kwamba ni imara kuliko ule wa kiwandani.

Kabati, kwa upande wake, ningelinunua tena bila kusita. Ubao wa nepi unafunguliwa kwa skrubu nne na hauachi kovu, droo zina kizuizi kisichoziruhusu kuchomoka, na vibano vya kulifunga ukutani vimo ndani ya boksi. Vibano hivyo vifungwe siku ileile, kwa kuwa mtoto huzigeuza droo zilizo wazi kuwa ngazi na kabati zima humwangukia. Rafu ni rafu, haina la kusimuliwa.

Kuhusu rangi, seti inapatikana kwa nyeupe, kijivu na mbao asilia, pamoja na vibandiko vya hiari vilivyogawanywa “vya wavulana” na “vya wasichana”: magari upande huu, vipepeo upande ule. Kiswahili kinamwita kila mtoto “yeye” bila kuuliza zaidi, lakini muuzaji ni lazima aulize. Nasi pia tulikosea, kwa kudhani kwamba chumba kisicho na jinsia ni chumba kisicho na rangi. Tulipaka kijivu, tukatundika pazia la kijivu, na matokeo yakafanana na chumba cha kusubiria daktari. Baadaye tulipaka kuta kijani hafifu na kuziacha rangi kali kwenye vitu vinavyobadilishwa kwa urahisi, yaani shuka, pazia na zulia. Alipofikisha miaka mitatu alijichagulia mwenyewe pazia la rangi ya chungwa, na kulibadilisha kulituchukua dakika kumi.

Hivi sasa kitanda kimekuwa kochi, kwa kutumia boliti nane na spana ndogo ambazo mtengenezaji, kwa busara yake, alizibandika ndani ya mfuko chini ya chaga. Alama za meno bado zipo kwenye ukingo, na mwenyewe huzionyesha kwa wageni kwa fahari, akidai ni za panya.