Uzoefu wangu na masomo ya wauguzi kuhusu moyo na mishipa ya miguu

Niseme mapema: masomo haya natoa nyota nne kati ya tano, na zote nne ni za muuguzi. Kijitabu wanachogawa hakina hata moja.

Kwa asiyeujua mpango wenyewe: ukigundulika una ugonjwa wa moyo, au ateri za miguu (mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni) zimeanza kuziba, kliniki inakuweka kwenye kikundi kidogo cha wagonjwa, mnakaa na nesi, kila kikao na mada yake. Mimi nilipelekwa kwa ajili ya mguu. Nikitembea kidogo tu kigimbi kinakaza, nikisimama kinaachia, nikiendelea kinakaza tena. Daktari alinitajia ugonjwa, akaandika dawa, akamwita anayefuata. Simlaumu, foleni ilikuwa ndefu. Ila nilitoka mle ndani na majibu ya kipimo mkononi nisijue yanasema nini.

Nesi alianzia hapo hapo. Alimlaza mmoja wetu kitandani, akampima presha ya mkono, kisha akafunga mkanda juu kidogo ya kifundo cha mguu, akapaka jeli na kusogeza kile kidude kinachosikilizisha damu mpaka sote tukaisikia: fwuu, fwuu. Unachukua presha ya kifundo, unaigawa kwa ya mkono. Kawaida jibu liwe kati ya 1.0 na 1.4, likiwa 0.90 au chini, ateri za mguu huo zimebanwa. Akaniambia nitoe simu nigawe namba zangu mwenyewe. Nikagawa. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini daktari alikunja uso. Mzee mmoja mwenye kisukari akasema yake inapita 1.4, kwa hiyo yeye ni mzima. Nesi akamwambia hapana, mzee wangu: sukari ya miaka mingi inaweza kukakamaza ateri hadi mkanda ushindwe kuzibana, namba ikapanda bure. Mtu wa namna hiyo hupimwa kwenye kidole cha mguu.

Kikao kilichonifungua macho kuliko vyote ni cha kutenganisha ateri na vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Watu wengi, nikiwemo mimi, tunasema tu "mishipa". Mama mmoja alikuwa amenunuliwa na mwanawe soksi za kubana, kwa kuwa zilimfaa jirani aliyekuwa anavimba miguu. Nesi aliziomba, akazishika, akazirudisha kwenye mfuko wake. "Hizi ni nzuri sana kwa vena, mama. Wewe shida yako ni ateri. Damu inafika kwa taabu, halafu tuibane tena?" Kisha akaeleza: vena zikichoka, mguu unavimba na kuwa mzito jioni, na ukiuinua unapata nafuu. Ateri zikibanwa, maumivu yanakuja ukitembea, mguu unakuwa wa baridi, vinyweleo vinapukutika, kidonda hakifungi. Hali ikiwa mbaya maumivu yanakuja hata usiku umelala, na wengi hupata ahueni wakiuning'iniza mguu kando ya kitanda. Kwa hiyo soksi za kubana hazivaliwi kwa kusikia kwa jirani. Kwanza damu ya ateri ipimwe.

Kila alipomaliza jambo alimgeukia mtu: "Haya, nielezee kama unavyomwelezea mwenzio nyumbani." Kuna waliokereka, wakaona wanarudishwa darasa la kwanza. Mimi naona ndiyo siri ya masomo yenyewe. Ukiulizwa "umeelewa?" utasema ndiyo, sista, hata kama hujaelewa. Ukiambiwa ueleze, pengo linaonekana hapo hapo, naye analiziba bila kumwaibisha mtu.

Kuhusu kutembea, hapa sikumwamini mara moja. Alisema tembea mpaka maumivu ya kigimbi yawe ya wastani kuelekea makali, simama au kaa mpaka yaishe, kisha endelea. Ukichanganya na mapumziko ifike dakika 30 hadi 60, angalau mara tatu kwa wiki, na usitoe hukumu kabla ya wiki 12. Maumivu yale, alisema, hayamaanishi unajiharibu. Msuli unajifunza kutumia vizuri zaidi hewa safi kidogo inayoufikia. Maumivu ya kifua ni habari nyingine, hayo unasimama na kuomba msaada. Sasa naweza kusema: kigimbi bado kinakaza, lakini nafika mbali zaidi kabla hakijakaza.

Kitu kingine nilichokuwa sielewi ni kwa nini mguu unauma lakini napewa dawa ya kolesteroli na ya kuzuia damu isigande. Jibu lake: mafuta yaliyojishikiza kwenye ateri za mguu hayakuchagua mguu peke yake. Aliyebanwa huko chini yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya shambulio la moyo na kiharusi, na dawa zile zinalinda huko. Kwa hiyo usiziache eti kwa kuwa mguu umetulia.

Somo la presha alilifanya kwa vitendo pia. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu usikunje, mkono usawa wa moyo, kimya, pima mara mbili. Akampima jamaa mmoja amenyamaza, kisha akampima tena huku anamuuliza habari za watoto, na namba ikapanda mbele yetu. Tangu hapo nyumbani hakuna anayenisemesha mashine ikiwa mkononi.

Utunzaji wa nyayo ulipita haraka lakini ulitosha: kagua kila siku hata katikati ya vidole, kwa kioo kama huwezi kuinama, maji yapime kwa kiwiko kwanza, mafuta paka, ila si katikati ya vidole, usitembee pekupeku.

Sasa madhaifu. Kikao cha chakula kilisomwa kutoka ukutani neno kwa neno. Chumvi isizidi gramu tano kwa siku, sawa, kama kijiko kimoja cha chai, lakini hakuna aliyetuonyesha namna ya kuitambua kwenye vyakula vya kopo na pakiti, ambako inajificha. Sigara walisema "acheni" wakapita, ilhali ndiyo adui mkubwa kabisa wa ateri za miguu. Anayevuta hakupewa njia yoyote ya kuachia. Mambo ya chumbani hayakuguswa kabisa, na ateri zikibanwa hata huko kunaathirika. Mwanamume mmoja ilibidi amvizie nesi mlangoni, akarudi akitunong'oneza kuwa ameonywa vikali: anayetumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi asiguse vidonge vya nguvu, presha inaweza kuporomoka. Jambo kama hilo linasemwaje mlangoni?

Ndugu hawaruhusiwi kuingia. Anayepika na kunikumbusha dawa yuko nyumbani, nami ndiye niliyebebeshwa kazi ya kumsimulia. Kuhusu kijitabu, herufi ni ndogo, na kimetolewa kopi mpaka ateri nyekundu na vena za buluu zote zimekuwa kijivu. Ukurasa uliokusudiwa kututofautishia ndio usiosomeka.

Na mpangilio wa mada uangaliwe. Dalili za hatari zimewekwa kikao cha mwisho, nami ningeanza nazo, kwani mtu anaweza kupatwa kabla hajamaliza masomo. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka, ukauma sana, ukafa ganzi au vidole vikagoma kusogea, nenda dharura saa hiyo hiyo, usiukande wala kuuchoma kwa maji ya moto. Ni suala la saa chache. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, huenda damu imeganda kwenye vena, nao usikandwe, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo.