Heda za Pikapu kwa Barabara za Pemba: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Kabla hujauliza bei ya heda, yaani seti ya mabomba inayofungwa badala ya menifoldi (kipande cha kiwandani kinachopokea moshi unaotoka kwenye silinda), fungua boneti uhakikishe una injini gani. Kama ni dizeli yenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, mfano Hilux ya D-4D yenye injini ya 1KD, heda ndefu si zako. Tabo imefungwa papo hapo kwenye menifoldi na inazungushwa na moshi ukiwa bado na joto na kasi. Ukiiweka mbali na hedi, yaani kichwa cha injini, kwa mabomba marefu, moshi hupoa njiani na tabo huchelewa kuamka. Mwenye gari hiyo akitaka kuifungua pumzi, aanzie kwenye bomba linalotoka baada ya tabo.

Mwongozo huu ni wa wenye petroli: Hilux za 22R, 3RZ na 2TR, na wachache wenye V6 ya 1GR. Dizeli zisizo na tabo, kama 3L na 5L, nazo hufungwa heda, lakini faida ni ndogo. Fedha hiyo ningeipeleka kwenye nozeli na pampu.

Mimi ni mtu wa Chake Chake. Pikapu yangu ni Hilux ya 2TR, ile ya sisi (cc) 2,694. Msimu wa karafuu inabeba magunia kutoka mashamba ya ndani hadi kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na msimu ukiisha ni ndizi, mihogo na mwani kwenda bandari ya Mkoani. Waliozoea Unguja, ambako sehemu kubwa ni tambarare, hawajui kilima cha Pemba kinavyoibana gari iliyojaa. Unatoka bondeni kwa gia ya pili, injini iko kwenye raundi 2,000 au 2,500 kwa dakika, na hapo ndipo unapotaka nguvu. Nguvu ya raundi 5,000 hainisaidii kitu. Kwa hiyo nimezipanga heda kwa maswali mawili tu: inavuta chini, na itahimili chumvi?

Menifoldi ya kiwandani mara nyingi ni chuma cha kusubu, kizito, na njia zake fupi zinakutana mara moja. Moshi wa silinda moja unasukumana na wa jirani yake. Heda ndefu huipa kila silinda bomba lake, sentimita 75 hivi au zaidi, kabla ya kukutana. Pumzi ya moshi ikishapita kwa kasi huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo husaidia kuitoa pumzi inayofuata. Ndiyo maana kipenyo kikubwa si sifa. Bomba likiwa pana mno moshi hupunguza mwendo, mvuto hupotea, na gari hupooza chini. Kwa injini ya silinda nne ya lita 2.7 mimi siendi zaidi ya inchi moja na tano ya nane, yaani milimita 41 hivi.

Jambo la pili ni namna mabomba yanavyokutana. Zipo za nne kwa moja, yote manne yakiingia pamoja, na zipo za nne-mbili-moja. Silinda za injini hizi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Nne-mbili-moja nzuri huoanisha silinda ya 1 na ya 4, na ya 2 na ya 3, ili bomba mbili zinazokutana zisiwe za silinda zinazofuatana kuwaka. Nne kwa moja hupendelea raundi za juu, nne-mbili-moja hupendelea katikati. Kwa gari ya mzigo chagua nne-mbili-moja, wala usibishane na muuzaji.

Ya kwanza: chuma cha pua cha 304, nne-mbili-moja, iliyotengenezwa kwa usukani wa kulia

Hii ndiyo ninayoendesha sasa, na ndiyo ninayoiweka juu. Chuma cha 304 kina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, na nikeli hiyo ndiyo tofauti kubwa na 409, ambayo ina kromiamu kama 11 tu. Zote mbili huuzwa kwa jina la chuma cha pua. Nenda dukani na sumaku, hata ya spika mbovu. Ikinata kwa nguvu, hiyo si 304. Itakuwa 409 au chuma cha kawaida kilichong'arishwa, na kwa hewa yetu ya pwani 409 huanza kuota kutu ya juu juu mapema.

Agiza kutoka nchi inayoendesha upande wetu. Australia huziita ekstrakta, Afrika Kusini huziita branchi. Ukitafuta kwa majina hayo utaona vitu vilivyotengenezwa kwa Hilux ya usukani wa kulia, wala si kwa ndugu yake wa Marekani mwenye usukani wa kushoto.

Kabla hujalipa, omba picha za ndani ya flanji, lile bamba linalofungwa kwenye hedi. Ulehemu uliomwagika ndani ya bomba ni kizuizi, na hapo umenunua tatizo lile lile unalolikimbia. Unene wa flanji uwe karibu milimita 10. Nyembamba hupinda kwa joto na kuvuja. Pima kwa gasketi ya gari yako: ilaze juu ya flanji, na tundu zote zionekane wazi bila chuma kuingia ndani.

Kasoro yake ni bei. Juu ya heda yenyewe kuna usafiri, ushuru, gasketi, stadi mpya (misumari ya nati inayoshika flanji kwenye hedi) na kipande cha bomba cha kuunganisha na ekzosi ya zamani. Hesabu vyote kabla hujaagiza.

Ya pili: acha menifoldi ya kiwandani, badilisha kinachofuata

Najua wengi hawapendi kusikia hili, lakini kwa mwenye kipato cha kubeba mzigo hii inashindana kwa karibu sana na ya kwanza. Menifoldi ya chuma cha kusubu huishi miaka mingi kwenye chumvi, kwa sababu ni nene. Mara nyingi kinachoibana gari ni bomba la nyuma lililobonyea, sailensa iliyooza ndani, au masega ya kusafishia moshi (katalisti) yaliyoziba. Toa sailensa uitikise. Ikilia kama kopo lenye kokoto, tatizo umelipata. Bomba jipya la inchi mbili na robo pamoja na sailensa nzuri litakupa sehemu kubwa ya nafuu bila kugusa stadi hata moja ya hedi. Kama menifoldi yako ina ufa, tafuta nyingine nzima ya gari kama yako kabla hujafikiria kuichomelea. Chuma cha kusubu kikichomelewa bila kupashwa joto taratibu hupasuka tena pembeni ya ulehemu.

Ya tatu: ya kutengenezwa na fundi

Tuna mafundi wazuri wa kuchomelea Unguja na Pemba, na heda iliyopimwa juu ya gari yako mwenyewe haina shida ya kugonga kitu. Ila sharti awe na mashine ya gesi ya argoni na mabomba ya 304 yaliyopindwa tayari. Anayekunja bomba kwa mchanga na moto anaweza kulibana kwenye kona. Mwambie akate mabomba manne yakaribiane kwa urefu, na achomelee huku flanji imefungwa kwenye kipande cha chuma kinene, isije ikapinda. Akikuambia si lazima, tafuta mwingine.

Ya nne: heda fupi

Ni rahisi kufunga, lakini mabomba hukutana mapema na faida ni ndogo. Inafaa kama menifoldi yako imepasuka na nyingine huipati.

Ya tano: chuma cha kawaida kilichopakwa rangi

Niliinunua hii kwanza, kwa kuvutiwa na bei. Rangi ilibabuka wiki ya kwanza. Mtu akanishauri niifunge kwa tepu ya joto, nikafanya. Sikujua kuwa tepu ile hunywa maji kama tambi ya koroboi. Nilikuwa nashuka pwani maji yakipwa kupakia mwani, maji ya chumvi yanaruka, tepu inayashika yakae juu ya chuma. Masika ya pili nilipoifungua, bomba la silinda ya tatu lilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Iliyopakwa kauri ndani na nje hudumu zaidi, lakini ikikwaruzwa wakati wa kufunga kutu huanzia hapo. Ukiwa na yoyote kati ya hizi, usiifunge tepu.

Hata 304 haipendi chumvi kukaa juu yake. Ukitoka pwani, ngoja ipoe kabisa, kisha ioshe kwa maji baridi. Kumwagia maji chuma cha moto ni kukitafutia ufa.

Ya mwisho: mtumba, na za usukani wa kushoto

Shemeji yangu ana dabo kabini ya V6. V6 ina ekzosi pande zote mbili, kwa hiyo upande mmoja lazima upite karibu na shafti ya usukani. Alinunua seti safi sana, mtumba kutoka nje, kwa mfanyabiashara aliyemhakikishia kuwa Hilux ni Hilux. Kule gereji kijana akaipandisha, akaishusha, akatazama tena. "Mjomba, hapa hapapiti," akamwambia. Bomba lilikuwa limekaa juu ya shafti. Palikuwa na shauri la kulipasha moto na kulibonyeza. Nilikataa mbele yao wote, maana bomba likipata joto na kutanuka huku limegusa shafti, mtu anaweza kukosa kona ya mteremko akiwa na abiria nyuma. Seti ile ilirudi sandukuni.

Siku ya kufunga

Anza siku mbili kabla. Pulizia stadi za zamani mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Stadi ikikatika ndani ya hedi, kazi ya siku moja inakuwa ya wiki. Toa waya wa hasi wa betri. Nunua gasketi ya chuma ya tabaka, achana na ya karatasi. Kagua umbali kati ya bomba na stata, mabomba ya breki na nyaya zote; kidole kipite bila kugusa.

Sensa ya oksijeni, inayoipimia kompyuta ya gari hewa iliyo kwenye moshi, itahitaji waya mrefu zaidi, kwa sababu sasa iko mbali. Usiihamishie nyuma kabisa, maana itachelewa kupata joto, na taa ya injini itawaka. Kiungo kilicho kabla ya sensa kisivuje hata kidogo. Hewa ikiingia hapo, kompyuta hudhani petroli haitoshi na kuongeza, na wewe utalalamika kwamba heda inakula mafuta.

Washa injini ikiwa baridi na usikilize. Ukisikia tik-tik-tik inayofuata mwendo wa injini, pana uvujaji. Nenda safari moja ya kawaida, Chake hadi Mkoani na kurudi, kisha iache ipoe usiku kucha. Chuma cha pua hutanuka kuliko chuma cha kawaida, na nati hulegea baada ya joto la kwanza. Asubuhi kaza zote kuanzia za katikati kwenda pembeni, rudia baada ya wiki moja, kisha tena mwezi ukitimia.