Haibridi ipi ununue ukiwa Arusha au Moshi: usianze na kilomita za tangazo

Ulizia haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, kwenye yadi yoyote hapa Arusha, na kabla hujafungua mlango utaambiwa: "Hii inanusa tu bosi, lita moja kilomita thelathini na kitu." Dalali hajatunga. Namba hiyo ipo kwenye makaratasi ya Japani. Ila gari halikupimwa kwenye foleni ya Sanawari saa kumi na mbili jioni. Lilipimwa maabara, matairi yakizunguka juu ya rola.

Chukua Toyota Prius iliyotoka 2009, ile ya injini ya 1.8. Kwa kipimo cha zamani cha Japani, kiitwacho 10-15, toleo jepesi la L liliandikiwa kilomita 38 kwa lita. Kwa kipimo kipya zaidi cha JC08, gari lile lile likawa na 32.6. Wamarekani wakaipa Prius hiyo maili 50 kwa galoni yao, ambazo ni kama kilomita 21 kwa lita. Mimi huanza na namba ya Wamarekani, halafu napunguza kidogo kwa ajili ya umri wa gari na barabara zetu.

Sasa fanya hesabu ambayo dalali hataifanya. Tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari la kilomita 10 kwa lita litakula lita 100. La kilomita 20 litakula 50. La kilomita 25 litakula 40. Umeona? Faida kubwa iko kwenye kutoka gari la kawaida kuingia haibridi. Ukishaingia, tofauti ya haibridi moja na nyingine ni lita chache, na lita hizo hazikununulii betri mpya. Kwa hiyo orodha yangu hapa chini sikuipanga kwa ulaji wa mafuta. Nimeangalia hali ya betri, spea na fundi.

Kwanza lakini ujue mafuta yanaokolewa wapi. Ukikanyaga breki gari la kawaida, nguvu yote inaishia kuwa joto kwenye diski. Haibridi inageuza mota yake kuwa dainamo, inachaji betri, na nguvu ile unaitumia kuondoka tena. Ukisimama kwenye foleni, injini inazima. Ndiyo maana haibridi inapenda matuta na foleni, mahali ambapo gari la kawaida linalia. Kwenye barabara tupu, mwendo mmoja, faida inapungua kwa sababu hakuna breki ya kuvuna.

Njia ya Arusha hadi Moshi, kama kilomita 80, ina vyote viwili. Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti, kwa matuta yake na vibao vya 50, ni shamba la haibridi. Mbele ya hapo unakwenda tu. Lakini usipime ulaji kwa kushuka Moshi peke yake! Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi mjini haifiki 1,000, kwa hiyo unasaidiwa na mteremko. Pima kwenda na kurudi. Na ukitoka Marangu kuteremkia Himo, betri inaweza kujaa kabla hujafika chini; kuanzia hapo breki yako haivuni kitu. Weka gia ya B, injini ilizuie gari, uzilinde pedi za breki.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Arusha wanalijua mwezi wa saba: asubuhi ya baridi injini inajiwasha na kukataa kuzima mpaka ipate moto. Kama safari yako ni kumpeleka mtoto shule kilomita mbili na kurudi, utalalamika kuwa umeuziwa haibridi mbovu, kumbe gari halijapata hata nafasi ya kufanya kazi yake.

Namba moja kwangu ni Toyota Fielder Hybrid, au Axio kwa asiyetaka buti refu. Najua wengi wangetaja Aqua. Fielder ina injini ya 1.5 ya ukoo ule ule wa Aqua, ila hii ni Corolla, na fundi aliyelelewa kwenye Corolla haogopi kuishika. Sehemu nyingi za bodi na miguu zinafanana na za Fielder ya kawaida. Buti linabeba mkungu wa ndizi na mabegi ya familia.

Ya pili ni Aqua, iliyoanza kuuzwa Desemba 2011. Nyepesi, ndogo, tamu kwa anayeishi Njiro na kufanya kazi mjini. Shida yake ni chini: milimita 140 tu kutoka ardhini. Kama nyumbani kwako lami inaishia kilomita tatu kabla ya geti, utaijua kila mvua inaponyesha. Abiria wa nyuma mwenye miguu mirefu naye atakuwa na la kusema.

Tatu, Prius ya 2009 hadi 2015. Ni pana, imetulia barabarani, na mara nyingi unapata gari kubwa kwa bei isiyo kubwa. Ila isikilize ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi. Injini ikitetemeka kwa sekunde kadhaa kisha ikatulia, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, shuku gasketi ya silinda hedi. Huo ni ugonjwa unaojulikana wa injini hii. Mwambie muuzaji asiipashe moto kabla hujafika. Ukifika ukakuta ameshaiwasha, rudi kesho.

Nissan Note e-Power naiweka ya nne, ingawa kuiendesha ni raha. Injini yake ya 1.2 haizungushi matairi kabisa, inachaji tu, na mota ndiyo inayosukuma gari. Mjini safi, safari ndefu za kasi faida inayeyuka. Uliza kwanza fundi wako kama amewahi kuifungua.

Honda Fit Hybrid ya 2013 kuendelea iko mwisho. Gia yake ina klachi mbili, na Honda iliyaita magari hayo kurekebishwa mara kadhaa kati ya 2013 na 2014. Ukipata iliyorekebishwa na inayobadilisha gia bila kushtuka, nunua ukitaka. Mimi sitaki.

Gari lolote utakalochagua, tafuta tundu la hewa la feni ya betri, kwa kawaida karibu na kiti cha nyuma. Niliwahi kulichungulia la gari ambalo mwenyewe aliapa limetunzwa kama yai. Vumbi lilikuwa limeganda kama ukoko wa ugali. Betri isiyopumua inachemka, na ikichemka inakufa mapema. Ipime kwa kompyuta kwanza, kisha ipandishe gari mlimani, tuseme Moshi mjini hadi Kibosho. Mistari ya chaji ikiporomoka kutoka juu hadi chini ndani ya dakika chache na kujaa tena ghafla, betri imechoka. Toa gharama ya betri kwenye bei au ondoka.

Ukishanunua, jaza tangi mpaka bomba lijikate, andika kilomita, tembea wiki mbili, rudi sheli ile ile, pampu ile ile. Umetembea 412 na imeingia lita 19.6? Hiyo ni 21 kwa lita. Dashibodi mara nyingi husifia kuliko ukweli.

Shemeji yangu wa Kijenge aliniomba nimtafutie Aqua. Kazini anakwenda kwa miguu, gari ni la kanisani na sokoni, kilomita 300 kwa mwezi ikizidi sana. Kwa hesabu ile ile ya juu angeokoa lita 15. Nikamwambia anunue IST, isiyo haibridi. Alininunia wiki nzima, kisha akanunua IST.