Sanduku refu la kuhifadhia bunduki ya mshale: tathmini baada ya misimu miwili ya mapumziko

Kwa mvuvi anayezamia kwa pumzi yake, miezi ambayo bahari imechafuka huharibu vifaa kuliko miezi ya kuvua, kwa sababu kifaa kinachotumika kila wiki huoshwa na kukaguliwa, ilhali kilichowekwa pembeni husahauliwa kikiwa bado na chumvi yake. Ndiyo maana nilinunua sanduku refu la plastiki ngumu lenye ukingo wa mpira unaozuia maji, sifongo nene ndani, vali ndogo ya kusawazisha hewa na matundu mawili ya kufuli.

Kwa upande wa usalama wa watu sina lawama hata moja. Bunduki huingia ikiwa haikutegwa, mipira yake ya kusukumia mshale imevuliwa, mshale umechomolewa na ncha imefunikwa. Kisha kufuli mbili zinafungwa, na hakuna mtoto anayeweza kuifikia. Anayetaka kununua apime mshale na si bunduki, maana bunduki ya sentimita 100 kwa kawaida hubeba mshale wa karibu sentimita 140, na mshale uliolazimishwa kuingia kwa kupinda hautarudi kulenga sawasawa.

Tatizo liko mahali ambapo mtengenezaji anajisifu zaidi, yaani katika ule ukingo usiopitisha kitu. Msimu wa kwanza nilisuuza vifaa kwa maji yasiyo na chumvi, nikavifuta kwa taulo, na jioni ileile nikafunga sanduku nikiamini kwamba nimevilinda. Nilipolifungua baada ya miezi minne, harufu ya ukungu ilinipokea, na chini ya kijino cha kunasia samaki, pale kwenye pini yake, kutu ilikuwa imechimba vishimo ambavyo sandpepa haikuweza kuviondoa. Ilinisikitisha sana, kwani mshale ule ulikuwa mzima kabisa nilipouweka. Mishale mingi hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu cha daraja la 17-4, lakini chuma hicho hujilinda kwa utando mwembamba mno unaojijenga upya kwa oksijeni ya hewani. Penye upenyo finyu uliobaki na chumvi na unyevu, oksijeni haifiki vya kutosha, utando huvunjika, na kutu huanza kula kwa ndani. Sanduku lisilopitisha unyevu kuingia halipitishi unyevu kutoka pia, nalo jambo hili halikuandikwa popote katika karatasi ya maelezo niliyoipata.

Msimu wa pili nilibadilisha utaratibu. Nililoweka bunduki na mshale katika maji yasiyo na chumvi kwa saa kadhaa, nikachezesha kifyatulio ndani ya maji ili chumvi itoke kwenye mtambo, nikakunjua kamba yote kutoka kwenye gurudumu lake, kisha nikaviacha vyote kivulini kwa siku tatu, kijino kikiwa kimefunguliwa. Baada ya hapo nilipaka mshale mafuta ya silikoni, nikaweka vifuko vya jeli ya silika vinavyofyonza unyevu, na kila mwezi nikafungua sanduku kulikagua. Safari hii mshale ulitoka ukiwa safi kama nilivyouweka.

Hata hivyo, si kila kitu kinastahili kuwekwa humo, ingawa nafasi inatosha. Suti ya kuzamia ya neoprini ina viputo vidogo vya gesi ndivyo vinavyohifadhi joto la mwili. Ikikunjwa na kubanwa kwa miezi, mikunjo hubaki na joto hupotea hapohapo, hivyo yangu naitundika gizani kwenye kiango kipana. Mipira ya kusukumia mshale, ikiwa ni ya mpira wa asili, huliwa na mwanga, joto na ozoni, na mafuta ya petroli huilainisha na kuidhoofisha. Naipaka poda ya talki na kuiweka peke yake katika mfuko mweusi, mbali na mota za umeme zinazotoa cheche. Miwani ya silikoni nyeupe nayo isigusane na mpira mweusi, kwani hupata madoa yasiyotoka.

Kwa mwenye bunduki ndefu na nyumba yenye watoto, ningelipendekeza sanduku hili bila kusita, mradi alichukulie kama kinga ya migongano na mikono, na kazi ya kukausha aifanye mwenyewe kabla ya kulifunga. Kasoro inayobaki ni sifongo yake, ambayo hunyonya maji na huchelewa kukauka. Nimeshazoea kuitoa yote na kuiegemeza ukutani siku ileile ninapoanza kuosha vifaa, ili iwe imekauka kabla ya zamu ya bunduki.