Unataka kununua Chrono Cross? Chagua toleo kwa mpangilio huu

Kaa na wapenzi watatu wa RPG za zamani, yaani gemu za hadithi ndefu unazoongoza wahusika wake, taja Chrono Cross, kisha sikiliza. Mmoja atasema ni kazi bora kuliko zote zilizotoka kwenye PlayStation ya kwanza. Wa pili atasema iliharibu hadithi aliyoipenda tangu utotoni. Wa tatu atasema hadithi yenyewe hakuielewa vizuri, lakini muziki wake bado anausikiliza kila wiki. Kampuni ya Square waliitoa Japani Novemba 1999, ikafika Marekani Agosti 2000 kama mwendelezo wa Chrono Trigger ya mwaka 1995, na mabishano hayajapoa hadi leo.

Mimi niko upande wa wanaoipenda, na nataka uinunue. Lakini nataka ununue toleo linalokufaa na ujue mapema unakwenda kukutana na nini, kwa sababu wengi wanaoichukia waliingia wakitarajia gemu nyingine kabisa.

Unachokinunua

Unacheza kama Serge, kijana wa kijiji cha wavuvi cha Arni, kwenye visiwa vya El Nido. Kazi ya kwanza ni ndogo sana: Leena, msichana wa kijijini, anataka mkufu wa magamba ya Komodo, hivyo unakwenda kuwasaka mijusi hao, kisha mnakutana ufukweni Opassa. Hapo bahari inachafuka, Serge anapoteza fahamu, na akiamka kila kitu kinaonekana kilekile. Anarudi kijijini. Leena yupo, lakini hamjui. Anasema Serge aliyemfahamu alikufa maji miaka kumi iliyopita. Unapanda hadi rasi ya Cape Howl, na pale juu, pembeni ya bahari, kuna kaburi lenye jina lako. Ukiwa bado unalitazama, wanakuja watu wa kukukamata, na msichana mwenye nywele za kimanjano anajitosa kukusaidia. Huyo ndiye Kid.

Sijaona gemu nyingi zinazofungua hadithi kwa nguvu hiyo. Na ukiwa umekulia pwani, kuna raha ya pekee kucheza RPG kubwa ambayo ulimwengu wake wote ni visiwa, matumbawe, mitumbwi na vijiji vya uvuvi, badala ya majumba ya mawe ya Ulaya.

Sasa malalamiko. Kubwa ni kwamba mashujaa wa Chrono Trigger hawapo, na hatima ya baadhi yao unaisikia kwa mistari michache tu ya mazungumzo, tena ya kusikitisha. Mchezaji aliyemaliza gemu ya kwanza akiwapenda Crono, Marle na Lucca anaumia, na ana haki ya kuumia. Kuna mchawi Guile ambaye waundaji walifikiria kumfanya Magus wa gemu ya kwanza, kisha wakaacha, mashabiki hawajasamehe. Pia safari za nyakati, zilizokuwa roho ya Chrono Trigger, hapa zimebadilishwa kuwa safari kati ya dunia mbili zinazofanana: ile ambayo Serge yuko hai na ile ambayo alikufa.

La pili ni wingi wa wahusika. Wanaochezeka ni 45, na huwezi kuwapata wote kwa mzunguko mmoja. Wachache wamechongwa vizuri: Kid, Harle, Glenn, mzee Radius. Wengine wanajiunga nawe, wanasema maneno mawili, kisha wanakaa kimya hadi mwisho. Katika Kiingereza kila mmoja alipewa lafudhi yake, na kwa kuwa nafasi kwenye diski ilikuwa finyu, timu ya tafsiri ilitengeneza mfumo wa kubadilisha maneno kulingana na nani anasema. Ndiyo maana sentensi ileile unaweza kuisikia kutoka kwa wahusika tofauti, ikiwa imevalishwa lafudhi mpya kila mara. Wapo wanaoiona ni ubunifu. Mimi inanichosha, hasa sehemu za hadithi zinazohitaji uzito.

La tatu ni maelezo kurundikwa mwishoni. Saa nyingi unatembea bila kuambiwa mengi, kisha ghafla unamwagiwa historia nzima ya dunia. Ukilala katikati ya mazungumzo hayo, umepotea.

Kuhusu mapambano nitachukua muda kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hukata tamaa mapema bila sababu. Hakuna kupanda daraja kwa kuua maadui mia. Nguvu yako inakua hasa unapowashinda mabosi, yaani maadui wakubwa wa hadithi, kila bosi akikupa nyota. Mwanzoni mwa pambano kila mhusika ana stamina 7. Unachagua pigo la nguvu ya 1, 2 au 3, na pembeni unaonyeshwa asilimia ya kufanikiwa. Pigo dogo likimpata adui, asilimia za yale makubwa zinapanda. Kwa hiyo unaanza na la 1, unaenda la 2, unamalizia na la 3, na mapigo hayo yanakufungulia nafasi za kutumia elementi, yaani uchawi wa rangi sita: nyekundu na bluu zinapingana, kijani na njano, nyeupe na nyeusi. Elementi moja ya kawaida ukishaitumia haitumiki tena hadi pambano liishe. Ukitumia elementi, stamina inashuka hata chini ya sifuri, na unasubiri wenzako wapige ndipo ipande. Ukizoea mdundo huo, mapambano yanakuwa matamu mno. Na unaweza kukimbia pambano karibu lolote, hata la bosi, ukajipange upya na kurudi.

Muziki wa Yasunori Mitsuda hauna wapinzani. Hata wanaoichukia hadithi wananyamaza ule wimbo wa ufunguzi ukianza kwa gitaa la taratibu na kisha ngoma zikaingia.

Namba moja: Steam kwenye kompyuta

Aprili 2022 Square Enix walitoa toleo jipya, The Radical Dreamers Edition, kwa kompyuta, Switch ya Nintendo, PS4 na Xbox One. Bei rasmi ni dola 19.99, na kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hushuka vipindi vya punguzo. Ukiwa na laptopu inayojiweza kidogo, nunua hapa.

Najua ulichokisikia. Toleo hili lilipotoka lilikuwa na aibu kubwa: gemu ya mwaka 1999 ilikuwa inakwamakwama kwenye mashine za kisasa, na waliopima fremu kwa sekunde walikuta sehemu nyingine inaenda vibaya kuliko kwenye PS1 yenyewe. Wachezaji walilalamika kwa haki. Lakini Februari 2023 lilitoka sasisho lililotibu sehemu kubwa ya tatizo hilo, na maoni mengi makali unayoyakuta mtandaoni yaliandikwa kabla yake. Angalia tarehe ya maoni kabla ya kuyaamini.

Unachopata kwa hela hiyo ni kingi. Kuna uwezo wa kuharakisha mchezo, ambao zamani uliupata baada ya kumaliza gemu mara ya kwanza tu. Kuna kuzima mapambano ya njiani, kuna kupigana kwa kujiendesha. Picha za nyuso za wahusika zimechorwa upya na Nobuteru Yuuki, aliyewabuni tangu mwanzo. Na ndani yake kuna Radical Dreamers, gemu ya maandishi ya mwaka 1996 iliyorushwa Japani kwa huduma ya setilaiti ya Super Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, ambayo ndiyo mbegu ya Chrono Cross. Kwa miaka 26 haikuwahi kuuzwa rasmi nje ya Japani. Ni fupi, na inafaa kuisoma baada ya kumaliza gemu kubwa.

Mandhari za nyuma zilizokuzwa zina ukungu. Majani na mbao vinaonekana kama vimepakwa rangi kwa haraka. Unaweza kuchagua mwonekano wa zamani, na mimi ndio ninaopendekeza. Kwenye kompyuta pia kuna marekebisho yaliyotengenezwa na wachezaji wenyewe, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiweka Steam juu.

Malipo hayasumbui. Kadi ya Visa au Mastercard inatosha, na kwa walioko Kenya, kadi pepe ya Visa ya M-Pesa inafanya kazi hiyo.

Namba mbili: PS4, na PS5

Ni toleo lilelile, kwa bei ileile. Baada ya sasisho, likichezwa kwenye PS5 linakwenda laini sana, na kama una PS5 sebuleni na huna kompyuta, usisite. Limeshika nafasi ya pili kwa sababu ya akaunti. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony, hivyo wengi wetu tunatumia akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Kadi ya zawadi unayonunua lazima iwe ya nchi hiyohiyo ya akaunti. Ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na muuzaji akishakupa namba za siri, kurudishiwa hela ni kazi. Uliza kabla ya kulipa.

Mwenye Xbox One au Series ana toleo hilohilo pia.

Namba tatu: Switch

Kwa ulaini wa picha, Switch iko nyuma ya PS5 hata baada ya sasisho. Faida yake ni kubeba: unacheza kwenye basi, unacheza umeme ukikatika, na RPG ya saa 40 inamfaa sana mtu anayecheza nusu saa hapa na pale. Kuna pia katriji iliyouzwa Asia yenye lugha ya Kiingereza ndani, na Switch haibagui katriji kwa nchi, kwa hiyo hata ukiagizia kupitia ndugu aliye Dubai itaingia bila shida. Hakikisha tu kwenye jalada imeandikwa kwamba Kiingereza kimo. Ningeichagua katriji hii kabla ya nakala ya kupakua, kwa sababu ukimaliza unaweza kuiuza au kumuazima rafiki.

Namba nne: PS3 na Vita

Tangu 2011 ile gemu ya PS1 ilipatikana kwenye duka la PlayStation la Marekani kwa dola 9.99, kwa ajili ya PS3 na PSP, na baadaye Vita (hizi mbili za mwisho ni PlayStation za mkononi). Ni nusu ya bei, na ni ileile ya asili bila mapambo. Kwa mwenye Vita bado ni chaguo zuri, kwa sababu ile skrini ndogo inaipendeza. Usumbufu ni kulipa: maduka ya mashine hizo hayapokei tena kadi moja kwa moja, lazima uweke hela kwenye pochi ya akaunti kupitia tovuti au kadi ya zawadi. Tena Sony waliwahi kutangaza mwaka 2021 kwamba wanayafunga, kisha wakaghairi. Ukinunua, pakua siku hiyohiyo.

Namba tano: diski za PS1

Hizi ni za mkusanyaji. Gemu haikuwahi kutolewa Ulaya wakati wa PS1, kwa hiyo nakala halali ni za Japani na Marekani pekee. Afrika Mashariki ni eneo la PAL, mfumo uleule wa mashine za Ulaya, na PlayStation ya PAL haisomi diski hizo isipokuwa imewekewa chipu. PS3 nayo husoma diski za PS1 za eneo lake tu.

Ukiletewa nakala, igeuze. Diski halisi ya PS1 ina mgongo mweusi. Ukikuta fedha au kijani inayong'aa, hiyo imechomwa, haijalishi jalada ni zuri kiasi gani. Ziko diski mbili, na zote mbili zijaribiwe mbele yako, maana muuzaji hupenda kuwasha ya kwanza tu. Nakala za Greatest Hits, zenye ukingo wa kijani kwenye boksi, huwa na bei nafuu kuliko zile za mwanzo na gemu ndani ni ileile. Utahitaji pia kadi ya kumbukumbu inayofanya kazi. Jaribu kuhifadhi, zima, washa, uone kama faili bado ipo.

Chrono Trigger kwanza?

Ndiyo, ukiweza. Saa 20 hadi 25 zinatosha kuimaliza, ipo Steam na kwenye simu kwa bei ya chini, na bila hiyo mazungumzo ya sehemu ya mwisho ya Chrono Cross yatakupita. Ukishaimaliza, pumzika kidogo kabla ya kuanza hii, ili usitafute wahusika wale kila kona.

Na ukishaanza, tenga faili mbili za kuhifadhi. Ya kwanza iwe kabla ya kuamua kama utakwenda kutafuta dawa ya Kid au la, kwa sababu uamuzi huo unabadilisha nani anajiunga nawe. Ya pili iwe kabla ya pambano la mwisho kabisa. Pale nguvu hazitoshi: elementi zinatakiwa kutumika kwa mpangilio maalumu wa rangi, gemu inakudokezea tu, na anayempiga adui hadi kufa bila mpangilio huo anapata mwisho mfupi na kudhani ndio wote.