Muhula ukiisha Ulaya: miji mitano au Lisbon peke yake?

Binti yangu anamaliza muhula wake Ujerumani, nasi tunatoka Mombasa kumfuata. Visa ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukiipata unavuka mipaka mingi bila kuomba nyingine (Uingereza haimo, ina visa yake). Ndiyo maana wengi hutaka Paris, Brussels, Amsterdam, ukishuka treni hii wapanda ile. Vijana hufurahi. Lakini magoti ya mama yangu yanamsumbua, na kila asubuhi kufunga mabegi, ngazi za stesheni, kisha usiku kutafuta chakula cha halali mji usioujua, hapana.

Mimi nachagua Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Binti yangu, mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, aliyekwenda madrasa akiipita Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, atasimama mtaa wa Belém ndani ya monasteri ya Jerónimos, mbele ya kaburi la Vasco da Gama, yule nahodha Mreno aliyetia nanga Mombasa 1498. Nje tu kuna mto Tejo, zilikoondokea zile meli zake. Nataka bibi yake awe kando yake, amshike mkono, amsimulie yeye.